Kumi Nukta Saba

Mteja akikuletea redio na kukwambia imezima yenyewe tu, ujue iliangushwa. Akikwambia iliangushwa, ujue mtoto aliimwagia chai. Nimekuwa fundi wa redio hapa Kiuyu, Pemba, kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado sijaletewa redio iliyokufa kwa maradhi yale yale aliyoyataja mwenyewe. Kazi hii imenifundisha kutoamini mdomo wa mtu. Watu wa nyumbani kwangu watakwambia kwamba somo hilo nililishika kuliko lilivyotakiwa kushikwa.

Kwa hiyo binti yangu aliporudi kutoka masomoni ng'ambo na makasha matano ya chuma, akasema, "Baba, nimekuja kufanya utafiti nyumbani," kitu cha kwanza nilichofanya ni kuyazunguka yale makasha na kuyagonga moja moja.

"Mnatafuta nini?" nikamuuliza.

"Nuru iliyofichwa."

"Kaificha nani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. "Hakuna aliyeificha, Baba. Nimekosea kusema. Imejificha yenyewe."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," nikamwambia. "Kilichofichwa kina mwenyewe. Kilichojificha kina sababu."

Alinieleza kwa siku tatu, na hapa nitasema nilivyofahamu mimi, kwa lugha ya banda langu. Wataalamu wa nyota wamepima na kukuta kwamba ulimwengu una uzito mwingi kuliko vitu tunavyoviona. Nyota za pembezoni mwa kundi lao zinakwenda mbio mno; kama kusingekuwa na kitu kingine cha kuzishika, zingekwisha tawanyika zamani. Hicho kitu hakiwaki, hakizuii mwanga na hakishikiki. Kila mtaalamu ana makisio yake. Binti yangu na wenzake wanakisia kwamba huenda ni ndugu wa mwanga wa kawaida, chembe wanazoziita fotoni fiche. Kama zipo, zimejaa kila mahali, hata humu chumbani, na zinapita kwenye ukuta, bati na miili yetu bila ya hodi. Ila mara chache mno moja hugeuka ikawa wimbi la kawaida la redio, dhaifu sana, kwenye masafa mamoja tu. Ukiyajua masafa hayo umeujua uzito wake.

"Kwa hiyo unatengeneza redio," nikasema.

"Ndiyo. Redio iliyomo ndani ya sanduku la shaba lisiloingiza stesheni yoyote. Kila kilicho cha binadamu kinabaki nje. Kikisikika kitu ndani, si cha mtu."

Hapo nikamwelewa, na nikamtazama upya. Maisha yangu yote nimetengeneza redio ili zishike stesheni, na mwanangu anataka isiyoshika hata moja.

Alituchagua sisi kwa sababu anga letu lina ukimya. Mijini hewa imejaa mawimbi kama soko la Wete siku ya kuamkia sikukuu. Maprofesa wake walimpa miezi sita. Mahali pakionekana pametulia na vipimo vikawa safi, sanduku litabaki Kiuyu na yeye atabaki nalo, afanye kazi yake nyumbani. Vipimo vikichafuka, makasha matano yanarudi yalikotoka na mwenyewe anarudi nayo. Hilo lilinigusa kuliko nyota zote. Mke wangu alikwisha tangulia mbele ya haki, mama yangu amepita themanini, na huyu ndiye mtoto wangu pekee. Nilitaka abaki. Fotoni na zijifiche zipendavyo.

Sanduku tulilijenga kwenye banda langu la kazi, ambalo linagusana ukuta na chumba cha mama. Shaba ilikuja kwa mabamba na mimi ndiye niliyeyalehemu. Kila kiungo nilikipima kwa mita yangu, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni na mkoba mweusi wa ngozi, iliyokuwa ya marehemu baba. Kompyuta tuliiweka mwisho wa nyumba, chumba cha mbele, ili kelele zake zisirudi kwenye sanduku. Katikati ukapita waya mmoja mrefu, uliovikwa ganda la shaba kuzuia mawimbi, na njia fupi ilikuwa chumbani kwa mama, juu ya ukuta, kwenye msumari anaotundikia kanga zake.

Waya ukapungua kama pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Binti yangu akasema tuagize mwingine mzima, ungefika baada ya wiki tatu. Siku aliyokwenda Wete kufuata betri nikachukua kipande, nikauunga pale pale kwenye msumari wa mama, nikauzungushia utepe mweusi na kunyamaza. Sikuona haja ya kumwambia. Nimeunga waya kabla yeye hajazaliwa.

Halafu nikatangaza sheria. Simu zote zitazimwa, na mwenye shida ya simu avuke barabara akazungumzie chini ya mshelisheli wa jirani. Redio zote zizimwe. Nikapita na beseni nyumba nzima. Mama alinitolea redio yake kubwa bila neno, akaniwekea mwenyewe ndani ya beseni. Siku ile ilinipasa nishtuke, kwa sababu mama yangu hajapata kutoa kitu bila kubishana. Lakini nilikuwa na haraka ya kuwatuhumu wengine.

Wa kwanza alikuja mwenyewe. Sheha wetu, mkubwa wa serikali hapa kijijini, ni mtu wa taratibu, na ana daftari.

"Asalaam alaykum, Fundi. Watu wasema mna sanduku."

"Waalaykum salaam, Sheha. Tunalo."

"Lina nini ndani?"

"Halina kitu."

"Mbona lafungwa?"

"Kisije kikaingia kitu."

Akatazama daftari lake, akanitazama mimi. "Sanduku halina kitu. Lafungwa kisiingie kitu. Na mwakesha mwatafuta kitu mumo humo ndani."

"Ndivyo, Sheha."

"Haya," akasema, akaandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyomwambia. Nikamshuku. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Miezi miwili ilipita bila ya jambo. Kila asubuhi binti yangu alifungua kompyuta, akatazama usiku ulivyorekodiwa, akaandika neno moja kwenye kitabu chake: Hakuna. Mimi nilidhani atakata tamaa. Yeye aliridhika, akanieleza kwamba "hakuna" nalo ni jibu. Ukisikiliza vizuri mahali fulani pa masafa na usikute kitu, umewaambia watafutaji wote duniani kwamba pale wasihangaike, wanayemtafuta hayupo.

Katika mwezi wa tatu ukatokea mwiba. Ndivyo tulivyouita. Kwenye kompyuta masafa yote yanaonekana kama nyasi fupi zilizosawazishwa, na asubuhi moja katikati ya nyasi ukawa umesimama mwiba mmoja mwembamba. Akarekodi tena, upo. Siku ya pili, pale pale. Siku ya tatu, haukusogea hata unywele.

Tulikuwa na antena ya pili nje, juu ya paa upande wa barabarani, iliyowekwa makusudi kusikiliza kelele za watu. Kitu kikisikika ndani na nje, ni cha binadamu, unakitupa. Mwiba huu nje haukuonekana. Ulikuwa ndani tu.

Nilimwona mwanangu anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Baba," akasema kwa sauti ndogo, "nina wiki mbili kabla ya kuwapelekea taarifa. Nikiwapelekea huu na ukawa ni uchafu, watasema sijui kazi, na mahali hapa hapafai. Wataufunga mradi. Nikiuficha, mimi si mtafiti tena. Lazima nijue ni nini."

"Ni mtu," nikamwambia. "Siku zote huwa ni mtu."

Nikaenda kwanza kwa jirani yetu, mama anayeuza barafu na vitu vidogo vidogo dirishani kwake. Ana jokofu la zamani ambalo kila likiwaka taa ya nyumba yake huinama. Nilimkuta anaanua mwani wake uani.

"Jirani, jokofu lako litatuharibia kazi. Naomba ulizime leo mchana nione."

Akaweka mwani chini. "Fundi, barafu za watu ziyayuke kwa sababu ya sanduku lako lisilo kitu? Kabla hujanzimia langu, kazime vyako."

"Vyangu nimezima vyote."

Akanitazama, akacheka kwa pua. "Haya," akasema, akaenda kulizima. Kicheko kile nilikibeba mpaka nyumbani. Nikaona kabisa kwamba mwanamke huyu anajua jambo. Jokofu lilizimwa saa mbili nzima na mwiba haukutikisika, lakini mimi sikumwondoa kwenye orodha.

Baadaye nikamwendea muadhini kuhusu kipaza sauti kisicho na waya walicholetewa msikitini. Huyo alinijibu kwa upole, akanizimia, akaadhini kwa koo lake adhuhuri na alasiri, na mwiba ukabaki. Nikamshuku mwenye king'amuzi kipya, nikamshuku mwenye pikipiki, nikamshuku Sheha kwamba labda lile daftari lina kitu ndani ya jalada. Kijiji kizima kilianza kunikwepa. Nikipita barazani, mazungumzo yanakatika na kila mtu anatoa simu yake mfukoni kunionesha kwamba imezimwa.

Siku ya tisa nilikuwa sina wa kumshuku tena, nikarudi chumba cha mbele. Mwanangu alikuwa hajala tangu asubuhi. Nikasimama mlangoni, nikauliza swali ambalo mpaka leo linanichoma ulimi.

"Huu mwiba hukuuweka mwenyewe?"

Akageuka. Kuna siku aliwahi kunieleza kwamba huwa wanatia ishara ya uongo kwa makusudi, wajijaribu kama kipimo kingeiona. Nami nilikuwa nimelihifadhi jambo hilo, kama ninavyohifadhi kila kitu.

"Umemaliza kijiji, Baba, sasa umefika kwangu," akasema. Hakupaza sauti. "Wewe humshika mtu kwanza, halafu ndiyo ukatafuta ushahidi. Sisi tunafundishwa tuanze kujishuku wenyewe. Kabla ya kusema ni nyota, kabla ya kusema ni jirani, tunashuku kipimo chetu, waya wetu, mikono yetu. Wewe umepima viungo vya watu wote. Vyako umevipima lini?"

"Viungo vyangu havina neno."

"Ndivyo ulivyosema na kwa baba mdogo? Kwamba wewe huna neno?"

Sijui nani alimhadithia. Nilitoka nje, nikakaa juu ya kinu kilichoinamishwa uani, na nilikasirika, halafu hasira ikaisha na ikabaki haya. Sikuwa na pa kuipeleka.

Nina mdogo wangu, tumbo moja. Baba alipofariki alituachia banda na ile mita, na tukawa tunafanya kazi pamoja, yeye akiwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Siku moja mita ikapotea. Kabla ya hapo aliwahi kuuza bunda la waya bila kuniambia, na kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi tosha. Nilimwita mwizi barazani, mbele ya watu wazima. Hakubisha. Wiki ile ile akavuka kwenda Mombasa. Ilikuja barua moja kwa mama, halafu miaka na miaka hakuna kitu. Mimi nilikuwa bado sijaoa.

Nilinawa uso, nikarudi ndani. "Tuanze kwenye sanduku," nikamwambia mwanangu, "tuje na waya mpaka kwako. Kila kiungo."

Akakubali kwa kichwa. Yeye akakaa kwenye kompyuta na mimi nikachukua mita na kuanza. Viungo vya sanduku vilikuwa vizima. Kilichobaki ni kile cha utepe mweusi, ambacho yeye hata hakujua kwamba kipo.

Mama alikuwa uani anatawadha. Nikaingia chumbani kwake. Chumba cha mama hakikaguliwi, hata na mimi. Beseni nililopita nalo siku ile liliishia kizingitini. Nikafika kwenye msumari, nikasogeza kanga zilizotundikwa ili niushike waya.

"Baba!" mwanangu akapiga kelele kutoka mbele. "Umefanya nini? Mwiba umepungua!"

Nikarudisha kanga zilipokuwa.

"Umerudi!"

Nikazisogeza tena, na safari hii nikahisi uzito. Ndani ya mkunjo wa kanga ya katikati kulikuwa na kiredio kidogo cha plastiki, cha namba za kung'aa, kimelala juu ya kiungo changu kama mtoto juu ya bega. Nikakitia sikioni. Kilikuwa kinazungumza, kwa sauti ambayo mtu wa kitandani asingeisikia.

Nikatazama namba za stesheni. Nikaongeza kumi nukta saba. Ikaja ile ile namba ya mwiba, niliyoitazama siku tisa.

Inafaa nieleze, kwa sababu fundi mwenzangu akisoma hapa atanicheka, na ana haki. Redio haisikilizi kimya kimya. Ili ishike stesheni, ndani yake huzalisha wimbi lake dogo, juu ya ile stesheni kwa megahezi kumi nukta saba, na wimbi hilo huvuja nje kidogo. Kila fundi wa redio anaijua kumi nukta saba kama anavyolijua jina la mamake. Mawimbi ya stesheni za mbali yalikuwa yamechoka hata kuupenya ufa wa kiungo changu. Hiki kiredio kilikuwa kimeulalia. Na kelele yake haikufika hata juu ya paa kusikika kwenye antena ya nje. Ningetoa hesabu hiyo siku ya kwanza nisingemsumbua mtu. Lakini nilikuwa natafuta mkosaji, sikuwa natafuta kosa.

Mama akaingia, miguu imelowa. Akaniona na kiredio mkononi.

"Mama, nilisema redio zizimwe."

"Nshaizima sauti mie," akasema. "Mwenyewe siisikii ila nkiitia sikioni. Yamdhuru nani?"

"Kupunguza sauti si kuizima. Yenyewe ikisikiliza nayo husema."

"Yasemani?"

"Lake. Kidogo tu. Lakini ndilo lililomsumbua mjukuu wako siku zote hizi."

Hapo akashtuka, akakaa kitandani. Alikuwa amekiagiza Wete kwa mpwa wake siku nilipotangaza sheria, kikachelewa miezi miwili, jirani muuza barafu akimsikilizia; kilipofika akawa anakitia betri anazoletewa na jirani huyo huyo. Kicheko cha pua kikanifafanukia. "Ningeizima yote," akasema mama, "lakini nkiizima stesheni yapotea, na hizo namba sizioni tena kwa macho haya."

"Unasikiliza nini usichoweza kukikosa hivyo?"

"Vifo."

Asiye wa Unguja na Pemba huenda halijui hili. Kwetu redio husoma matangazo ya vifo kila siku: fulani bin fulani amefariki, watu wake ni fulani na fulani, maziko ni mahali fulani. Kazi husimama. Mtu mzima asiyesikiliza vifo hukosa maziko, na anayekosa maziko hana uso wa kuonana na watu. Hilo nalijua. Lakini mama haendi tena mazikoni, miguu haimchukui.

"Nani kafa, Mama?"

"Hajatajwa bado."

"Nani hajatajwa?"

Akakunja ncha ya kanga yake. "We wamjua. Mpemba hafi kimya, mwanangu. Afie Mombasa, afie Maskati, pana mtu mmoja ataleta jina redioni ili kwao wajue. Miaka yote hii nasikiliza mchana na jioni. Akisha msomaji na hakumtaja, nasema alhamdulillahi, leo yu hai. Kisha nangoja kesho."

Mwanangu alikuwa amefika mlangoni na kitabu chake mkononi. Alisikia yote. Nilimwona anamtazama bibi yake, halafu anautazama waya, halafu utepe wangu mweusi. Alikwenda kukaa kitandani karibu na bibi yake, akamshika mkono.

"Bibi, na mimi kazi yangu ndiyo hiyo," akamwambia. "Nasikiliza, na kila siku naandika hakuna."

"Waona mwenyewe," mama akasema. "Si kazi rahisi."

Nilitaka kukichukua kile kiredio nikakizime, mambo yaishe. Mwanangu akanikataza. Akasema kama kiungo ni kibovu, leo kimeingia kiredio cha Bibi, kesho kitaingia kingine. Nitengeneze kiungo, na redio ibaki msumarini ikiwaka. Nikakata utepe mbele yake. Ndani, lehemu ilikuwa na weupe wa vumbi, haikushika vizuri. Siku ile nilikuwa na haraka asije akanikuta. Nikaisafisha, nikailehemu upya, nikaifunika kwa bomba la shaba, nikapima kwa mita mara tatu. Kiredio kikiwa kinazungumza ndani ya kanga, akaenda kutazama.

"Hakuna," akasema kutoka mbele.

Sauti yake haikuwa ya furaha tupu. Mtu akiwa ameuona mwiba siku tisa hawezi kuung'oa bila kuumia. Lakini aliandika taarifa yake yote kama ilivyokuwa, na mwiba, na kiungo, na redio ya Bibi, na mimi nikamwambia asilisahau jina langu kwenye kosa. Maprofesa wake walimjibu baada ya siku chache. Walisema mtu anayeweza kuliwinda kosa mpaka ndani ya kanga anafaa kuachiwa sanduku. Akabaki.

Habari ingeishia hapo kama nisingekuwa nimeishika ile mita mkononi mbele ya mama.

Nimesema mita ilipotea, na nimesema ninayo. Anayesoma kwa makini keshanishuku. Miaka minne baada ya mdogo wangu kuondoka niliifungua redio kubwa ya mbao ya mteja mmoja, iliyokuwa imelala bandani muda wote huo bila kufuatwa, nikaikuta mita ndani yake, nyuma ya spika, na mkoba wake. Niliiacha pale mwenyewe nilipokuwa napima, nikafunga kifuniko. Nikaificha uvunguni. Baada ya miaka nikaanza kuitumia, polepole, nikidhani hakuna anayekumbuka tena. Anwani ya ile barua moja ilikuwapo wakati huo. Sikuandika.

Mchana wa siku ya pili yake nikaingia chumbani kwa mama saa ya matangazo. Sikualikwa. Nikakaa chini kwenye jamvi, yeye kitandani na kiredio sikioni. Msomaji akamaliza majina. "Hayumo," mama akasema, akashukuru.

Nikaweka mita juu ya jamvi. "Mama," nikasema, "hii sikuibiwa. Niliisahau mwenyewe ndani ya redio ya mtu. Niliikuta zamani, na sikumwambia yeyote."

Nilingoja alie au anifukuze. Alinyoosha mkono, akapapasa mkoba, akapita kidole kwenye ufa wa kioo.

"Mita ya babako naijua," akasema. "Nshaiona mezani kwako, mwaka sijui wa ngapi huu. Mie nangoja matangazo mawili, mwanangu. Moja la redioni. La pili lako."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema mie lingekuwa langu." Akanirudishia mita. "Sasa lako lishakuja, lakini si mie wa kuambiwa. Yeye alitukanwa mbele ya watu. Nenda kaseme mbele ya watu."

Asubuhi yake nilipanda gari ya Chake, mjini, nikaenda kwenye ofisi wanakopokea matangazo ya redio. Kijana wa dirishani aliuliza, "Ni la kifo, Mzee?" Nikamwambia hapana, ni la mtu aliye hai. Aliisoma karatasi yangu mara mbili, akaniangalia kwa mashaka, akauliza kama nina hakika nataka lisomwe hivi hivi. Majina sitayaandika hapa. Redioni yalitajwa yote, langu na lake na la baba. Maneno yalikuwa machache: kwamba mita imeonekana, kwamba haikuibwa, kwamba ilikuwa kwangu mwenyewe, na yeyote anayejua alipo ndugu yangu amfikishie kwamba mama yake bado anasikiliza.

Lilisomwa jioni, baada ya vifo. Tulikuwa watatu chumbani. Nilimsikia msomaji anavuta pumzi kabla ya jina langu.

"Tia sauti," mama akasema. "Itie mpaka mwisho, na jirani asikie."